Mabati, maji na mawimbi: RFID ndani ya stoo zetu

Mwenye duka la jumla akinipigia simu kuhusu RFID, yaani tagi ndogo za kubandika kwenye bidhaa ambazo kisomaji huzitambua kwa mawimbi ya redio, mara nyingi swali lake la kwanza ni kama mtambo huu utamshikia mwizi. Namjibu hapana, tena mapema, kabla hajatoa hata shilingi. Tagi ikifungwa ndani ya karatasi ya foili, au ikibanwa kwapani chini ya koti, kisomaji hakiioni. Ninachoweza kumwahidi ni kwamba kilichopungua leo atakijua leo jioni, kwa kuwa mtu mmoja mwenye kisomaji cha mkononi anaweza kupita katikati ya rafu na kuhesabu katoni za stoo ya wastani bila kuzishusha. Wengi wetu tumezoea kufunga duka mwisho wa mwaka ili kuhesabu stoki, na tofauti ikionekana hakuna anayekumbuka ilianza mwezi gani. Na sisi wa Nakuru hatuna udhuru wa kuwa wageni wa mambo ya stoki: supamaketi za Nakumatt, Tuskys na Naivas zote zilianzia huku.

Tagi tunazobandika kwenye bidhaa hazina betri. Ielekeze moja kwenye mwanga utaona antena ya alumini iliyokunjwakunjwa, na katikati yake chipu ndogo kama punje ya mchanga. Kisomaji kinatuma mawimbi ya redio, antena inanasa nguvu kidogo kutoka humo, chipu inaamka, halafu inajibu kwa kubadilisha namna inavyoyarudisha mawimbi yale yale. Mhandisi Harry Stockman aliandika kuhusu mawasiliano ya nguvu iliyoakisiwa tangu mwaka 1948, ila kiwango cha pamoja cha tagi na visomaji tunachotumia sasa kwenye maghala, Gen2, kilitoka 2004. Mahali pa wazi tagi nzuri inasomeka umbali wa mita tano na zaidi, na kisomaji kinaweza kusoma mamia kwa sekunde. Ili zisijibu zote kwa mkupuo, kisomaji hugawa muda vipande vidogo, kila tagi ikaangukia kipande chake kwa bahati nasibu, na iliyokwisha kusomwa inanyamaza kwanza ili nyingine zisikike.

Bakodi inayoanza na 616, ile ya kampuni zilizosajiliwa na GS1 Kenya, shirika linalotoa nambari za bakodi, inakwambia aina ya bidhaa na inaishia hapo. Tagi inaongeza nambari ya pekee ya kila kipande, kwa hiyo beli hili la unga na lile lililo kando yake ni vitu viwili tofauti kwenye kompyuta. Hapo ndipo unaweza kuuliza beli gani limekaa nyuma ya stoo tangu mwezi uliopita huku mapya yakiuzwa mbele. Kwa bidhaa zinazoharibika, swali hilo peke yake linaokoa pesa nyingi.

Shida kubwa ni maji na chuma. Maji huyanyonya mawimbi haya, chuma huyaakisi. Nguo, viatu na vitabu havina tatizo. Mahindi yaliyokauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 yanapitisha mawimbi vizuri kuliko mahindi mabichi yaliyotoka shambani jana. Soda, maji ya chupa na makopo ya rangi ni kazi ngumu: kwenye kreti ya soda naweka tagi pembeni, upande wa nje wa plastiki, na kwenye kopo la rangi natumia tagi yenye povu nene mgongoni inayoitenga na bati.

Halafu kuna ghala lenyewe. Maghala yetu mengi, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, yameezekwa na kuzungushwa mabati. Ndani ya boksi kama hilo mawimbi yanagonga ukuta, yanarudi, yanagongana. Urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 35, na yakigongana hivyo yanaacha madoa ya ukimya, umbali wa takriban sentimita 17 kutoka doa hadi doa. Sogeza katoni chini ya shubiri moja, tagi iliyokuwa kimya inaanza kusomeka.

Mabati yanaweza pia kukuletea tagi usizozitaka. Niliwahi kuitwa kwenye ghala moja la Kisumu, mtambo ukiwa tayari umefungwa na watu wengine. Msimamizi wa stoo akanipokea mlangoni: “Fundi, mashine inasema gambuti zimetoka, na mimi nimezikalia hapa.” Kweli, katoni zilikuwa zimepangwa mita chache kutoka mlangoni. Mawimbi yalikuwa yakigonga ukuta wa nyuma na kuzifikia, na kila zilipojibu programu iliandika kwamba mzigo umepita. Tulipunguza nguvu ya kisomaji, tukainamisha antena zitazame sakafu ya mlango, tukasogeza katoni. Muhimu zaidi, tuliweka jozi mbili za antena, moja ndani na moja nje, ili programu isihesabu kitu kuwa kimetoka mpaka kionekane ndani kwanza, kisha nje. Na kisomaji sasa kinawaka pale tu mkokoteni unapokata miale ya kihisi kilicho mlangoni.

Bei ya tagi ni shilingi kadhaa hata ukinunua kwa maelfu. Kwenye suruali ya duka la Oginga Odinga Street hiyo si hoja. Kwenye pakiti ya unga ya kilo mbili inakula faida, kwa hivyo tagi hukaa kwenye beli la pakiti 12.

Jambo ambalo nalisisitiza hata mteja akichoka kunisikia ni mlango wa kuingilia. Lori likifika jioni, mvua imetanda Menengai, wapagazi wana haraka, mzigo ukiingia bila tagi basi kwenye kompyuta mzigo huo haupo. Kwa sababu hiyo meza ya kuchapishia tagi nataka ikae mlangoni, kando ya anayepokea hati ya mzigo. Na msimamizi wa stoo ashirikishwe tangu siku ya kupima ukuta. Akiambiwa kwamba mtambo umeletwa kumchunga, utakufa, na hutajua ulikufa lini.

Kabla ya kuagiza visomaji mtandaoni, angalia masafa yake na uliza Mamlaka ya Mawasiliano. Vya soko la Marekani hutumia megahezi 902 hadi 928, na sehemu ya masafa hayo huku kwetu ni ya simu za mkononi. Vya Ulaya hutumia 865 hadi 868. Stima ikipotea tagi hazidhuriki, lakini kisomaji cha mlangoni kinahitaji betri ya akiba, na kiweze kuhifadhi rekodi chenyewe mpaka intaneti irudi.

Muuzaji akikuletea bei, mwambie kwanza aje na kisomaji cha mkononi na tagi za aina mbili tatu. Zibandikeni kwenye bidhaa zako mwenyewe, zipangwe kwa kimo kile kile unachopanga siku zote, milango ikiwa imefungwa kisha ikiwa wazi. Hesabu kwa mkono, hesabu kwa kisomaji, andika tofauti, na zile zilizokosekana zitafute ujue zilikuwa wapi kwenye rundo.