Malaria Imempanda Kichwani, au Ni Damu?

Bibi aliletwa na binti yake na mjukuu mwezi Oktoba, korosho zikiwa zimeanza kudondoka. (Mambo madogomadogo nimeyabadilisha asitambulike.) Siku nne alikuwa analala mchana kutwa, akiamka anaongea na marehemu mumewe, na uji unamchuruzika upande wa kulia wa mdomo. Zahanati walimpima malaria, kipimo kikasoma, akapewa dawa ya mseto.

“Dokta, malaria imempanda kichwani,” binti akaniambia. Sikushangaa. Hapa Mtwara mgonjwa akichanganyikiwa, hilo ndilo neno la kwanza utakaloambiwa, na mara nyingi hata sisi wenye makoti meupe tunalikubali upesi mno. Kile kipimo cha haraka kinanusa protini ya vimelea, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma malaria huku kinachomuua ni kingine kabisa.

Nikauliza, “Mama, bibi alianguka?”

“Hapana, hajaanguka.”

Swali hilo ni bovu, na nimejifunza kutoishia hapo. Watu wetu wakisikia kuanguka wanafikiria mnazi, pikipiki, paa. Nikalibadilisha: mwezi huu au uliopita, amejigonga popote, hata kidogo? Mjukuu akacheka. “Si ule mkorosho? Alikuwa anainuka, tawi likampiga kisogoni. Tukamkanda na maji ya moto, akaendelea na kazi.” Ilikuwa wiki tano zilizopita.

Ukizeeka, ubongo husinyaa. Fikiria karanga iliyokauka: ukiitikisa karibu na sikio unaisikia ikigonga ganda. Kati ya ubongo na utando mgumu ulio chini ya fuvu hupita vena ndogondogo, mishipa inayorudisha damu moyoni, na ubongo ukishasinyaa vena hizo hubaki zimevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Tawi la mkorosho linatosha kuikata mojawapo. Damu hutoka polepole, mgonjwa anakula, anaenda shambani, na wiki zinapita kabla donge halijaanza kuukandamiza ubongo. Akifika hospitali anaitwa mgonjwa wa kiharusi, au wa uzee, au aliyerogwa.

Picha ya CT ya bibi, ile eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya fuvu, ilionyesha mwezi mwandamo mweusi upande wa kushoto. Weusi ule ndio umri wa damu. Damu mbichi kwenye CT ni nyeupe. Baada ya wiki tatu hivi huwa nyeusi kuliko ubongo. Hapo katikati, wiki ya kwanza hadi ya tatu, kuna mtego: rangi yake hufanana na ya ubongo, na macho yaliyochoka ya saa nane usiku hupita juu yake. Mimi siku hizo sitafuti damu. Naangalia kama mstari wa katikati umesukumwa, na kama mikunjo ya ubongo upande mmoja imefutika. Mtego wa pili unatuhusu sana sisi wenye malaria na selimundu: mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, hata damu yake ya leo inaweza isiwe nyeupe. Wingi wa damu nausoma kabla ya kufungua picha.

Bibi alitobolewa fuvu matundu mawili, ikatoka damu nyeusi kama oili chafu. Kesho yake alitaka kujua nani anaokota korosho zake.

Kijana wa bodaboda ni habari nyingine. Fuvu likipasuka juu ya sikio, ateri iliyo chini yake, mshipa unaosukumiwa damu na moyo kwa nguvu, hukatika, na damu ya ateri haina subira. Anazimia, anazinduka, anaomba soda, anasema yuko sawa, kisha ndani ya saa chache anazama. Kwenye picha donge lake limevimba katikati kama punje ya dengu. Usisubiri mboni moja ya jicho itanuke na mapigo ya moyo yashuke huku presha ikipanda; ukiyaona hayo umeshachelewa, na kwa rufaa ya Dar es Salaam una zaidi ya kilomita 500 mbele yako.

Na yule anayesema kichwa kimempasuka ghafla, maumivu ambayo hajawahi kuyapata maishani? Mpige CT mapema kuona kama damu imevuja kuuzunguka ubongo. Ndani ya saa 6 za kwanza ndipo picha inaaminika zaidi. Ikichelewa na ikawa safi, tunachukua maji ya uti wa mgongo baada ya saa 12 kuona kama yamegeuka njano, alama ya damu iliyovuja.

Kosa langu mwenyewe lilitokea wodini, katika hospitali niliyofanya kazi zamani. Mzee wa moyo, anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande, alianza kusinzia siku ya sita. Kipimo cha fahamu, kile cha Teasdale na Jennett cha mwaka 1974 kinachoanzia 3 hadi 15, kilikuwa 15 asubuhi, yaani macho kabisa, jioni 13. Nikaandika homa, nikaongeza dripu. Faili lilikuwa kimya. Siku iliyofuata mgonjwa wa kitanda cha jirani aliniita kwa mkono.

“Dokta, samahani. Huyu mzee alidondoka juzi usiku akienda chooni. Tulimwinua sisi. Hamkuambiwa?”

Hatukuambiwa, na sikuwa nimeuliza. CT ilionyesha damu nyeupe upande mzima wa kulia, na hakufika kesho. Tangu hapo, mgonjwa wangu akisinzia bila sababu, kabla sijagusa faili namsalimia kwanza wa kitanda cha pili: shikamoo mzee, usiku mmelalaje huku?