Kwa nini chumvi hukawia kutoka kijitoni

Mwaga maji ya chumvi kijitoni kwa saa tatu mfululizo, kisha shuka mita mia kadhaa na uwe unachota chupa moja kila baada ya muda, unapima. Chumvi itachelewa kufika, na hilo halimshangazi mtu. Linaloshangaza ni la mwishoni: kumwaga kumeshakoma zamani, lakini chupa bado zinatoka na chumvi kidogo, saa baada ya saa. Ukichora grafu, unapata kilima kinachopanda upesi, kikashuka huku kikiburuta mkia mrefu.

Modeli ya usafiri wa vitu vilivyoyeyuka ni milinganyo inayojaribu kuizalisha grafu hiyo. Ya awali ilihesabu mambo mawili: mkondo hubeba chumvi kwa mwendo wake, na chumvi hutawanyika njiani kwa kuwa maji ya katikati hukimbia na ya kandokando hujikokota. Ni kweli yote mawili, ila mkia haupatikani.

Kilichokosekana ni hifadhi ya muda. Kijito kina maji yaliyotulia nyuma ya mawe na kwenye mizizi, na kina maji yanayopenya kwenye changarawe chini kisha kuibuka mbele. Mkondo ukiwa na chumvi nyingi, chumvi huingia humo; mkondo ukisafika, hurudi kidogo kidogo. Hesabu yake ni nyepesi ajabu: chukua tofauti ya ukolezi (kiasi cha chumvi katika kila lita ya maji) kati ya mkondo na hifadhi, zidisha kwa kigezo kimoja cha kasi ya kubadilishana.

Kisa maarufu ni cha kijito cha Uvas Creek, California. Kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi ya kawaida, ilimwagwa humo mwaka 1972, ikapimwa vituo vitano hadi mita 619. Mwaka 1983 watafiti Kenneth Bencala na Roy Walters walilinganisha vipimo hivyo na modeli yenye hifadhi. Katika kipande cha mwisho, kuanzia mita 433, ili grafu zilingane hifadhi ilibidi iwe na eneo la mkato (upana kwa kina) mara tatu ya lile la mkondo wenyewe! Yaani kwenye kipande hicho sehemu kubwa ya kijito ni ile isiyoonekana ikitiririka. Sumu ikimwagika, ndiko itakakojificha.

Tahadhari moja: namba hiyo hupatikana kwa kuirekebisha mpaka mstari uangukie kwenye vipimo. Haisemi kama chumvi ilikaa dimbwini au changaraweni. Hilo hujulikana kwa kuchomeka mabomba membamba chini ya kijito na kuchota maji ya humo.