Je, wajua kwa nini adui wa Planetes haadhibiwi?

Tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua sheria: steringi hafi, na adui lazima akione cha moto kabla taa hazijawashwa. Ndiyo maana watu wengi wakimaliza kutazama Planetes, anime (filamu ya katuni ya Kijapani) ya mambo ya angani, hubaki na donge kooni. Werner Locksmith, mtu ambaye mradi wake unaua watu 324 kwa mkupuo mmoja, hapigwi risasi, hafungwi, hafukuzwi kazi. Mwishoni mwa hadithi bado ni bosi, na chombo alichokitaka kinang'oa nanga. (Kama hujaitazama na hupendi kusimuliwa mwisho, ishia hapa, uitafute kwanza.)

Kwa asiyeijua, Planetes ilianza kama manga, yaani hadithi ya michoro ya Kijapani, mwaka 1999. Mchoraji wake ni Makoto Yukimura, na ilikuwa ikitoka katika jarida la Morning la kampuni ya Kodansha. Studio ya Sunrise ikaigeuza kuwa anime ya vipindi 26 chini ya mwongozaji Goro Taniguchi, na NHK, shirika la utangazaji la Japani, ikairusha kati ya 2003 na 2004. Mambo yanatokea mwaka 2075. Binadamu wameshajenga mji mwezini, wanachimba huko heliamu-3 ya kuendeshea mitambo ya umeme, na sasa wanaitamani Sumbula (Jupita), sayari kubwa kuliko zote, ambayo ina heliamu hiyo kwa wingi usio na mfano. Chombo cha kwenda huko kinaitwa Von Braun. Safari ni ya miaka 7. Msimamizi mkuu wa mradi ni huyo Locksmith.

Wakati wa kuijaribu injini namba 2 huko mwezini, inalipuka, na kituo kizima kinateketea pamoja na watu waliokuwamo. Locksmith anaitwa mbele ya waandishi wa habari.

Hapo inafaa kukumbuka jinsi mambo haya yanavyofanyika Japani. Kampuni ikikosea vibaya, wakubwa wake husimama mstari mmoja mbele ya kamera na kuinama mpaka unaona utosi, wakakaa hivyo sekunde kadhaa huku kamera zikilipua mwanga. Kila Mjapani ameiona picha hiyo kwenye taarifa ya habari. Mtazamaji anaisubiri. Anasubiri kichwa kishuke, anasubiri neno la pole, labda na barua ya kujiuzulu.

Locksmith anaulizwa atawajibika vipi. Anajibu kwa sauti ileile ya mtu anayesoma ripoti ya robo mwaka: mlipuko umewapatia data nzuri za kutosha, safari ijayo hawatashindwa, watu wakae mkao wa kusubiri. Basi. Mara ya kwanza nilisimamisha video hapo nikairudisha nyuma, nikidhani maandishi ya tafsiri yameruka mstari. Hayakuwa yameruka.

Sasa jiulize: katika hayo aliyoyasema, uongo uko wapi? Data kweli zimepatikana. Injini inayofuata kweli haishindwi. Hapa ndipo Yukimura anapowaacha mbali waandishi wengi wa hadithi za makampuni maovu. Bosi mwovu tuliyemzoea huficha mafaili, huhonga waziri, huwaua mashahidi, na steringi akishalipata faili moja tu mchezo umekwisha. Kwa Locksmith hakuna faili la kufichua. Kila kitu kimesemwa hadharani, mchana kweupe, na dunia imesikia. Kisha dunia ikarudi kazini, kwa sababu inaihitaji heliamu.

Yupo mzee mmoja katika hadithi, Goro Hoshino, baba yake steringi, mhandisi aliyekula chumvi nyingi angani. Akimtazama Locksmith, hatukani wala hashangai. Anaona kwamba mtu aliye kama shetani namna ile ndiye atakayeifanya kazi vizuri. Kwangu hilo ndilo jibu lenyewe la swali letu, na limetoka kinywani mwa mtu mwema. Locksmith haadhibiwi kwa sababu wote wenye uwezo wa kumwadhibu wanakitaka kile anachokijenga.

Je, Yukimura ameyazua tu? Litazame tena jina la chombo.

Wernher von Braun alizaliwa mwaka 1912 nchini Ujerumani, na tangu ujanani ndoto yake ilikuwa kurusha vyombo angani. Jeshi likampa fedha, naye akaliundia kombora la V-2. Mnamo Agosti 1943 ndege za Waingereza ziliipiga Peenemünde, ambako kombora hilo lilikuwa likitengenezwa, na utengenezaji ukahamishiwa kwenye mahandaki ndani ya kilima cha Kohnstein, karibu na mji wa Nordhausen. Waliopelekwa kufanya kazi humo ni wafungwa wa kambi iliyokuja kuitwa Mittelbau-Dora.

Miezi ya mwanzo wafungwa hawakuwa na mabweni. Walilala humohumo handakini, kwenye vitanda vya mbao vilivyopandana, huku baruti ikiendelea kupasua mwamba hatua chache kutoka walipolala. Vyoo vilikuwa mapipa ya mafuta yaliyokatwa nusu na kuwekewa ubao juu. Hewa ilijaa vumbi la mawe. Mfungwa aliyeshukiwa kuharibu kifaa makusudi alinyongwa, na wengine walitundikwa kwenye winchi ileile ya kunyanyulia vyuma, wenzao wakilazimika kupita chini ya miili wakienda zamu. Katika wafungwa wapatao 60,000 waliopitia kambi hiyo, takriban 20,000 walikufa. Wanahistoria wanakubaliana kwamba V-2 iliua watu wengi zaidi ilipokuwa ikiundwa kuliko ilipoangukia London na Antwerp.

Von Braun alikuwa mwanachama wa SS, kikosi cha chama cha Nazi cha Hitler, tangu 1940, na aliyaingia mahandaki hayo zaidi ya mara moja. Kuna barua yake ya Agosti 1944 inayoeleza jinsi alivyokwenda kambi ya Buchenwald kuchagua wafungwa wenye ujuzi.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wamarekani hawakumpeleka mahakamani. Walimpeleka Texas. Mwaka 1955 akawa raia wa Marekani, akaonekana kwenye televisheni akiwaeleza watoto habari za safari za mwezini, kisha akaongoza ujenzi wa Saturn V, roketi iliyowapeleka watu mwezini Julai 1969. Alikufa mwaka 1977 akiwa na heshima zake zote. Mwenzake Arthur Rudolph, aliyekuwa msimamizi wa uzalishaji kwenye mahandaki yale, ndiye aliyekuja kuusimamia mradi wa Saturn V. Yeye alifikiwa na wachunguzi baadaye sana, na mwaka 1984 akakubali kuondoka Marekani na kuuacha uraia badala ya kushtakiwa. Miaka 15 baada ya mwezi kukanyagwa! Roketi zilikuwa zimesharuka, na yeye hakuhitajika tena.

Kwa hiyo mhandisi asiyejali anapopewa jina la Werner, akakabidhiwa chombo kinachoitwa Von Braun, na maiti 324 zikawekwa chini ya injini yake, mwandishi hajifichi. Tena naliona jina la ukoo nalo lina uzito: Locksmith ni fundi wa kufuli, mtu wa kufungua milango. Huo ni usomaji wangu, lakini sidhani kama nimepotea njia.

Kuhusu injini yenyewe niseme kidogo, kwa sababu inaeleza kwa nini data ya mlipuko ina thamani kiasi kile. Ni injini ya muungano wa viini vya atomu, ya aina iitwayo vioo sanjari. Gesi hupashwa joto kali mpaka hakuna chuma kinachoweza kuigusa kikabaki salama, kwa hiyo hufungiwa ndani ya nguvu za sumaku: sumaku kali huku, sumaku kali kule, na chembe zikifika mwisho hurudishwa katikati kama mpira unaodunda ukutani. Shida ni kwamba chembe huvuja kwenye ncha. Wamarekani walijenga mtambo mkubwa wa aina hii huko Livermore, California, ukakamilika mwaka 1986, fedha zikakatwa papo hapo, na haukuwahi kufanya hata jaribio moja la kazi uliyojengewa. Chuo Kikuu cha Tsukuba nchini Japani nacho kilikuwa na wake, uitwao GAMMA 10. Yukimura hakuokota neno barabarani. Alichagua teknolojia ambayo watu wa kweli waliitolea jasho na ikawashinda, na ambayo kila kipimo kipya ni dhahabu. Mtu wa namna ya Locksmith akiangalia shimo lililobaki mwezini, anaona vipimo.

Upande wa pili wa hadithi ndiko waliko mashujaa wetu. Hachirota Hoshino, jina la utani Hachimaki, na wenzake Ai Tanabe, Fee na Yuri, ni wazoa taka wa angani wa kampuni ya Technora. Wanakusanya mabaki ya setilaiti na roketi kabla hayajagonga vyombo vya watu. Idara yao inaitwa kwa dharau Nusu Idara, maana wafanyakazi ni nusu ya wanaotakiwa, na chombo chao ni kikuukuu. Kuzoa taka hakuleti faida. Lakini mke wa Yuri aliuawa na skrubu moja iliyopasua dirisha la chombo cha abiria. Kitu kidogo kinachoenda kilomita 7 au 8 kwa sekunde si kidogo tena.

Na kwetu hili si la kubuni. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa karibu kilo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba ni kipande cha roketi. Mungu alisaidia, hakikumwangukia mtu. Nilipoziona picha za wanakijiji wameizunguka ile pete, mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwa Fee na wenzake. Hela ya kurusha hupatikana. Ya kufagia husuasua.

Kuna kundi katika anime linaloona hayo na kukasirika: waasi wanaosema anga limekuwa mali ya nchi tajiri, na maskini wameachwa na njaa yao. Hoja yao ina ukweli mwingi. Mbinu zao ni mabomu, na wanaokufa kwa mabomu hayo ni wafanyakazi wa kawaida, wale wale ambao Locksmith naye hawahesabu. Wanajaribu kuiteka Von Braun, na hata hao hawamwondoi kwenye kiti.

Anayenisumbua zaidi, hata hivyo, ni Hachimaki. Huyu ndiye steringi. Tunampenda, anatuchekesha, tunataka afanikiwe. Na ndoto yake ni moja tu, kupata nafasi ndani ya Von Braun. Anajua kilichotokea kwa injini namba 2, anajua majibu ya Locksmith kwa waandishi, na bado anapeleka maombi, anafanya mitihani, anawasukuma kando marafiki na hata Tanabe anayempenda, karibu apoteze utu wake katika kuitafuta nafasi hiyo. Sisi watazamaji tunamshangilia. Jina lake linapotangazwa miongoni mwa waliochaguliwa, mimi nilipiga makofi peke yangu chumbani, na ilipita kama dakika nzima kabla sijakumbuka zile nafsi 324.

Kisha chombo kinaondoka. Hachimaki yumo, Tanabe anabaki duniani, na injini inafanya kazi sawasawa kama Locksmith alivyoahidi, bila kukohoa, miezi nenda miezi rudi, huku kijana wa watu akilala kitandani mwake upande wa pili wa ukuta.