Picha ya kupendeza bado si jibu

Nikimwonyesha mtu kazi yangu ya uzamivu, macho huganda kwenye ile picha: hewa inapita nguzo ya mviringo, na nyuma yake visulisuli vinachomoka kwa zamu, kimoja juu, kimoja chini, vyekundu na vya buluu. "Kumbe imekubali!" Haya, huenda. Kompyuta huchora picha ya kuvutia hata hesabu ikiwa mbovu, na sehemu kubwa ya utafiti wangu ni kujua lini iaminiwe.

Mwendo wa hewa na maji hufuata milinganyo ya Navier-Stokes, iliyojulikana tangu karne ya 19. Kwa kalamu inatatulika katika hali chache tu zilizo rahisi. Kwingineko tunaikatakata nafasi iwe wavu wa matundu madogo, na muda tunaukata hatua. Kila tundu hubeba namba chache, yaani kasi na shinikizo, na katika kila hatua kompyuta hukokotoa kilichoingia na kilichotoka kupitia kuta zake. Basi. Yaliyobaki ni kurudia mara mamilioni.

Ila urefu wa hatua una mpaka wake. Mwaka 1928 wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha kwamba, kwa njia za hesabu za moja kwa moja (zinazopata namba mpya kutoka zile za hatua iliyopita tu), mkondo usivuke zaidi ya tundu moja hivi katika hatua moja. Tundu likiwa la milimita 1 na mkondo ukienda mita 10 kwa sekunde, hatua isizidi sekunde 0.0001 (hapo mawimbi ya sauti nimeyaacha kando). Ukipita hapo, namba huanza kuyumba, kisha hufura, na punde faili zima limejaa NaN, alama ya kompyuta ya "hii si namba". Kosa la aina hii nalipenda, maana linajitangaza lenyewe.

Linalonikosesha usingizi ni wavu wenye matundu makubwa mno. Programu inamaliza salama, picha inang'aa, na namba ni ya uongo. Tarehe 23 Agosti 1991, nchini Norwe, kitako cha zege cha Sleipner A, jukwaa la kuchimba gesi baharini, kilizama katika ghuba ya Gandsfjorden kikiwa kwenye majaribio ya kushushwa majini. Uchunguzi ulikuta kwamba wavu wa hesabu ulikuwa na matundu makubwa mno pale kuta zinapokutana, hivyo nguvu ya kulikata zege ikakadiriwa chini kwa takriban asilimia 47. Mpangilio wa nondo nao ulikuwa na kasoro. Watu waliokolewa, zege lilikwenda chini.

Kwa hiyo tatizo lilelile nalikokotoa kwenye nyavu tatu, kila mmoja ukiwa na matundu ya nusu ya upana wa uliotangulia, nikifuatilia namba moja tu: ya Strouhal, inayoeleza visulisuli vinachomoka kwa kasi gani. Kwa namba ya Reynolds 100 (namba inayolinganisha msukumo wa mkondo na unato wake), vipimo vya maabara huwa karibu na 0.165. Kama njia yangu ina usahihi wa daraja la pili, yaani tundu likipungua nusu kosa hubaki robo, tofauti kati ya wavu wa pili na wa tatu iwe kama robo ya ile iliyo kati ya wa kwanza na wa pili. Ikitoka nusu badala ya robo, kuna mahali usahihi unavuja, na mara nyingi ni kwenye masharti ya mipaka, yaani kanuni ninazoipa hesabu kwenye kingo za wavu na ukutani mwa nguzo. Huko ndiko ninakoanzia kupekua.

Gharama yake sasa! Katika nafasi yenye urefu, upana na kina, kupunguza upana wa tundu kwa nusu kunazaa matundu mara 8 na hatua mara 2, yaani kazi mara 16. Wavu wa kwanza ukichukua saa 1, wa tatu utadai saa 256. Ndiyo maana sura ninayoandika sasa inahusu kugawa matundu palipo na shughuli tu: karibu na ukuta na nyuma ya nguzo. Kinachosumbua ni kwamba kisulisuli hakisubiri. Programu ikigawa matundu kilipo sasa, baada ya hatua chache kimeshahamia kwenye matundu makubwa na kuanza kufifia bila sababu ya kifizikia. Ninachojaribu ni kuifanya ikadirie kinakoelekea, igawe matundu mapema, kisha iyaunganishe tena kikishapita.