Stesheni sio lile jengo

Kila ikiwekwa picha ya jengo la zamani lenye saa ukutani utasikia "hii ndo stesheni", na mwingine anashangaa kumbe ilikuwa ndogo hivyo. Hapana jamani, hilo ni jengo la stesheni. Stesheni yenyewe ni eneo zima la reli ambapo treni zinaweza kuanza safari, kuishia, kugeuza au kupishana, jengo ni kipande kimoja tu cha hapo.

Neno lenyewe halina ukuta wala paa. Sisi tumelitoa kwa Waingereza, na mzizi wake ni Kilatini, statio, yaani kusimama au mahali pa kusimama. Kituo nacho kinatokana na kutua, kama mtu anavyotua mzigo kichwani. Ila waliolinyoosha kabisa ni Wajerumani, kwenye kanuni zao za reli mahali hapaitwi Bahnhof, yaani stesheni, mpaka pawe na angalau sehemu moja ambapo reli inagawanyika na treni inaweza kuhama njia. Pasipokuwa nayo, hata kuwe na benchi na paa na watu wanapanda na kushuka kila siku, panaitwa Haltepunkt, mahali pa kusimama tu.

Na tofauti hiyo ina uzito wake. Chukua stesheni ya mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwenye reli ya njia moja. Abiria anaona dirisha la tikiti, vyumba vya kusubiria vilivyotengwa kwa madaraja, mizani ya mizigo, basi. Dereva wa injini ya mvuke yeye anaangalia tangi la maji, maana maji yakiisha safari imeisha, halafu anaangalia ile njia ya pembeni ya kumpisha mwenzake anayekuja. Pembeni kuna godauni, sakafu yake imeinuliwa ikalingana na mlango wa behewa ili gunia livutwe tu bila kunyanyuliwa.

Hiyo habari ya kupishana ndo roho ya stesheni. Mwaka 1874 huko Thorpe, karibu na Norwich, Uingereza, treni mbili ziliruhusiwa kuingia njia moja kutoka pande mbili kwa sababu ya kosa la mawasiliano ya telegrafu, zikavaana uso kwa uso, wakafa watu zaidi ya 20. Baada ya ajali hiyo mhandisi Mwingereza Edward Tyer akabuni mashine mbili zilizounganishwa kwa waya, moja kila stesheni, ndani yake visahani vya kumruhusu dereva aingie njia, ukitoa kisahani huku basi huku na kule hakitoki kingine, na dereva asiyekabidhiwa kisahani mkononi haondoki. Mashine hiyo ilikaa ndani ya jengo au kwenye kibanda cha ishara, kwa hiyo majengo siyadharau hata kidogo.

Basi ukikuta lile jengo limevunjwa lakini treni bado zinapishana pale, stesheni ipo. Kilichovunjwa kiite jengo la stesheni tu, tutakuelewa.