Kwa nini faili la FTP hufika bovu, au halifiki kabisa

Aprili 1971, Abhay Bhushan wa chuo cha MIT, Marekani, alitoa waraka wenye namba RFC 114 uliopendekeza kanuni za kuhamisha mafaili kati ya kompyuta za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Kompyuta za wakati huo hazikufanana: kompyuta ya PDP-10 ilihifadhi data kwa mafungu ("maneno") ya biti 36, nyingine biti 32, na hata herufi zilihifadhiwa kwa namba tofauti. Hivyo itifaki hiyo, FTP, ikawa na namna zaidi ya moja ya kusafirisha faili, na wengi hujikwaa hapo mpaka leo.

Amri `ascii` hubadilisha alama za mwisho wa mstari. Windows hutumia baiti mbili, 13 na 10. Linux hutumia 10 peke yake. Kwa maandishi matupu huo ni msaada mkubwa. Picha au ZIP ikipita njia hiyo, baiti zake nazo huguswa, na hakuna njia ya uhakika ya kujua ni 10 ipi iliyopoteza 13 yake. Lihamishe faili hilo upya: andika `binary` (lisafirishwe bila kubadilishwa) kabla ya `get` (kupakua) au `put` (kupandisha), kisha linganisha ukubwa wa faili pande zote mbili, baiti kwa baiti.

Kero nyingine ni hii: nywila imekubaliwa, lakini ukiomba orodha ya mafaili, kimya. FTP ina miunganisho miwili. Amri hupita poti 21 (poti ni mlango wenye namba kwenye kompyuta). Data ina njia yake. Kwa utaratibu wa awali, kompyuta yako huiambia seva, kwa mfano, `PORT 192,168,1,5,195,80`. Namba nne za kwanza ni anwani; mbili za mwisho ni poti, yaani 195 × 256 + 80 = 50000. Seva ndiyo inayopaswa kukufuata huko, ilhali 192.168.1.5 ni anwani ya ndani, haifikiki kutoka nje. Tumia amri ya `PASV`: seva itaje poti, kompyuta yako ndiyo iifuate. Msimamizi wa seva naye atenge poti chache, tuseme 50000 hadi 50100, azifungue kwenye ukuta wa ulinzi (firewall). Asipozifungua, kimya ni kilekile.

Nywila ya FTP husafiri wazi, na anayenasa mawasiliano njiani huisoma. Kwa nyaraka za watu tumia SFTP, itifaki nyingine yenye muunganisho mmoja uliosimbwa (data isisomeke njiani), kwa kawaida kupitia poti 22. Usiichanganye na FTPS: hiyo ni FTP ileile ndani ya usimbaji wa TLS, bado ina miunganisho miwili, na poti zile bado lazima zifunguliwe.