Ngozi nyeusi nayo hupata saratani

Unguja na Pemba bado utasikia kwamba saratani ya ngozi ni ya wazungu na wenye ualbino tu. Si kweli, na kauli hii inawaumiza zaidi wenye kinga dhaifu: wanaoishi na VVU, na waliopandikizwa figo, ambao hunywa dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo mpya.

Melanini, rangi ya asili inayoipa ngozi weusi, hupunguza madhara ya jua, naam. Lakini jua si chanzo pekee. Kinga ndiyo inayowinda seli zilizoharibika na virusi vinavyochochea saratani. Ikilegea, vinapata mwanya. Saratani ya Kaposi, inayohusishwa na kirusi HHV-8, huja kama madoa ya zambarau au meusi, hata ndani ya kinywa, wala haihitaji jua. Nyingine hujificha kwenye nyayo, chini ya kucha, sehemu za siri, au katika kovu la moto na kidonda sugu.

Basi mama mkulima wa mwani wa Paje anayetumia ARV (dawa za VVU), kidonda cha mguuni kikipita mwezi bila kupona, asiseme "nilijikata na mwamba tu." Akionyeshe kituo cha afya, au Hospitali ya Mnazi Mmoja akipewa rufaa. Na dawa asiache: kinga ikipanda, madoa ya Kaposi mara nyingi hupungua.